Kichina cha daawa kwa simu uliyonayo

Siku mtu anaposilimu, msikiti hujaa. Takbira zinapigwa, anavishwa kofia, kila mmoja anataka kumpa mkono. Kesho yake alfajiri anakuja peke yake, anasimama safu ya nyuma, anatupia jicho huku na huku aone wenziwe wanafanya nini, na hakuna wa kumwambia kwa lugha yake kwamba sala hii ni rakaa mbili. Akiwa Mwingereza au Mtaliano atapatikana wa kumsaidia, maana utalii umeshatufundisha lugha hizo. Akiwa Mchina tunamchekea tu, basi. Hili linaniuma, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Mimi ni fundi simu hapa Mkoani, Pemba, na baada ya Alasiri nasomesha chuoni, yaani madrasa. Wachina kwetu si wageni. Madaktari wa mkoa wa Jiangsu wanakuja Zanzibar kwa zamu tangu 1964. Wapo Mnazi Mmoja kule Unguja, na wapo kwetu katika Hospitali ya Abdulla Mzee, ambayo China iliijenga upya ikafunguliwa 2016. Wapo wakandarasi, wapo watalii, na wapo Waislamu wa Kichina wanaopita wakiulizia msikiti. Vijana wa chuoni wananiuliza waanzie wapi kujifunza Kichina cha daawa, cha kuwafikishia watu dini. Hii ndiyo njia ninayowapitisha, na nimeipanga kwa mtu mwenye simu ya kawaida, bando la kubana, na Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Qur'ani, kifuani.

Hiyo Juzuu Amma ndiyo mtaji wako mkubwa. Programu za Kichina karibu zote zimetengenezwa kwa anayejua Kiingereza. Kijana aliyetoka skuli na Kiingereza cha kubabaisha anajikuta anasoma lugha mbili ngumu kwa wakati mmoja, anachoka mapema, anaacha. Lakini sura alizohifadhi tangu mdogo zipo kwa Kichina, zipo kwa Kiswahili, na maana yake anaijua hata akiamshwa usingizini. Kwenye sura hizo hahitaji Kiingereza hata kidogo.

Tayarisha simu kwanza

Fanya kazi hii siku moja, mahali penye Wi-Fi, usimalize bando lako.

Kwenye kibodi ya Gboard ongeza lugha ya Kichina, ile iliyorahisishwa inayotumika China bara, na uchague pinyin, ile ya kuchapa kwa herufi zetu. Kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti ya simu, upakue sauti ya Kichina iweze kusoma maandishi hata bila mtandao. Halafu pakua Pleco, kamusi ya Kichina na Kiingereza ambayo ikishaingia kwenye simu inafanya kazi bila intaneti. Kamusi yenyewe ni ya bure. Nyongeza zake nyingine ni za kulipia, na kwa mwanzo huzihitaji. Ndiyo, ni ya Kiingereza, lakini kutafuta maana ya neno moja kwa Kiingereza ni kazi nyepesi kuliko kusoma somo zima kwa Kiingereza.

Ya mwisho ni AnkiDroid, ya kadi za kukumbushia. Angalia jina vizuri kabla ya kupakua, kwa sababu dukani zimejaa programu zenye majina ya kufanana nayo, na nyingine zinataka pesa. Kwa Android ni bure. Kwa iPhone programu ya Anki yenyewe ni ya kulipia, kwa hiyo mwenye iPhone atumie kadi za ndani ya Pleco ikiwa amekubali kuzilipia, au atumie daftari. Daftari halijawahi kumwangusha mtu.

Sauti kabla ya maandishi

Pinyin ni Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, na juu ya irabu kuna alama ya toni. Imalize yote kabla hujagusa herufi za Kichina. Yoyo Chinese na AllSet Learning wameweka mtandaoni majedwali ya pinyin ya bure: unabonyeza silabi, unaisikia katika toni zote nne. Maelezo ya pembeni ni ya Kiingereza, lakini jedwali lenyewe ni la kubonyeza na kusikiliza.

Watu wa pwani tuna msaada ambao wengi hatujui kwamba tunao. Mwombe bibi yako aseme "kaa", yule wa mikokoni, kisha aseme "kaa" la moto. Weka kiganja mbele ya mdomo wake. Kaa wa mikokoni anatoka na pumzi, kaa la moto halina pumzi. Hali kadhalika paa wa porini na paa la nyumba. Wazee wengi wa huku bado wanazitofautisha, ingawa vijana wengi tunazitamka sawasawa na maandishi hayaoneshi chochote. Tofauti hiyo hiyo ndiyo inayotenganisha k na g za pinyin, p na b, t na d. G ya pinyin si ile ya "gari". Ni k isiyo na pumzi, k ya kaa la moto. Ukisema bā kwa b ya "baba" utaeleweka. Ukisema pā bila pumzi, Mchina atasikia bā na maana itakuwa nyingine. Kwa hiyo kiganja mbele ya mdomo, na ukipata bibi wa kukusikiliza ni bora kuliko programu yoyote.

Sauti nyingine za kuangaliwa: x ni kama sh lakini ncha ya ulimi imelala nyuma ya meno ya chini na midomo imetanuka, q iko mahali hapo hapo, ni kama ch yenye pumzi. Zh, ch na sh zenyewe zinataka ulimi ukunjwe nyuma kidogo. C ni ts yenye pumzi. Ü ni "i" iliyosemwa na midomo ya "u". Na silabi ikiishia na ng, ishie hapo hapo kwenye ng' ya "ng'ombe", usiitafutie irabu ya kuifunga. Sisi kila neno tunataka limalizike kwa irabu, na tabia hiyo inatufuata mpaka kwenye Kichina.

Toni ni nne. Ya kwanza iko juu na imenyooka, ya pili inapanda, ya tatu inakwenda chini kabisa, ya nne inaanguka kwa ghafla. Aliyesoma tajwidi ana nafasi nzuri hapa, kwa sababu sikio lake limeshazoea kwamba kosa dogo la matamshi linahamisha maana, na ameshazoea kuchukua sauti kutoka mdomoni mwa mwalimu, si kutoka kitabuni.

Nitoe mfano mmoja ambao silegezi nao. Waislamu wa China wanamwita Mwenyezi Mungu Zhēnzhǔ, 真主. Silabi ya pili ni toni ya tatu, inakwenda chini. Ukiiweka toni ya kwanza, zhū, silabi hiyo peke yake ni nguruwe. Msikilizaji mwenye busara atakuelewa kutokana na maneno mengine, lakini jina hili si la kubahatisha. Mwanafunzi wangu halisemi mbele ya mgeni mpaka amelirikodi kwenye simu, amelisikiliza, na amelilinganisha na sauti ya Mchina mpaka zinakaribiana. Zoezi lenyewe ni hilo kwa maneno yote: sikiliza, rikodi, linganisha, rudia. Usiwe na haya ya kusikia sauti yako mwenyewe. Wakati mzuri ni baada ya Alfajiri, mji umetulia na pikipiki hazijaanza.

Toni zikae mbilimbili, si mojamoja, kwa sababu maneno mengi ya Kichina ni ya silabi mbili na toni zikikutana hubadilika. Toni mbili za tatu zikifuatana, ya kwanza inasemwa kama ya pili: nǐ hǎo inatamkwa ní hǎo.

Sura unazozijua ndiyo kitabu chako

Fungua Quran.com, ingia kwenye mipangilio ya tafsiri, chagua mbili: ya Kiswahili ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani, Mzanzibari mwenzetu, na ya Kichina ya Ma Jian. Zitakaa moja chini ya nyingine kwa kila aya. Ma Jian, ambaye jina lake la Kiislamu ni Muhammad Makin, alisoma Al-Azhar, akarudi China akawa profesa wa Kiarabu Chuo Kikuu cha Peking. Alifariki 1978, na tafsiri yake kamili ikachapishwa 1981. Ndiyo tafsiri iliyoenea zaidi kati ya Waislamu wa China, na Mujamma wa Mfalme Fahd wa Madina, unaochapa misahafu, umeichapa pamoja na matini ya Kiarabu. Ukitaka maandishi yake ya kuhifadhi kwenye simu, yanapakuliwa kwenye tovuti ya Tanzil. QuranEnc nayo ina Kichina na Kiswahili.

Anza na Al-Ikhlas. Aya ya kwanza kwa Kichina ni hii:

你说:他是真主,是独一的主
Nǐ shuō: tā shì Zhēnzhǔ, shì dúyī de Zhǔ

Sitaki uikariri kama wimbo. Ichambue. Nǐ ni wewe, shuō ni sema, tā ni yeye, shì ni "ni" yetu ile ile inayounganisha mtu na sifa yake. Dúyī ni wa pekee. De ni kiungo kinachofanana na "-a" yetu ya "cha, la, wa", ila mpangilio umegeuka: sifa inatangulia, chenye sifa kinafuata. Dúyī de Zhǔ, Mola wa pekee. Ukishalipata hilo unaweza kusema wǒ de shū, kitabu changu, na nǐ de shǒujī, simu yako. Aya moja imekupa sentensi ya "ni" na umiliki.

Sasa aya ya tatu. Kiswahili chake kila mtu anakijua: Hakuzaa wala hakuzaliwa.

他没有生产,也没有被生产
Tā méiyǒu shēngchǎn, yě méiyǒu bèi shēngchǎn

Méiyǒu inakanusha jambo kwamba halikutendeka. Yě hapa inafanya kazi ya "wala". Na bèi inafanya kazi ya ile -w- yetu inayogeuza kuzaa kuwa kuzaliwa, isipokuwa yenyewe inakaa mbele ya kitenzi, neno peke yake. Mtoto wa chuoni aliyehifadhi aya hii ana kanuni mbili za Kichina mkononi. Méiyǒu ipeleke dukani: wǒ méiyǒu chīfàn, sijala. Bèi naisikia kwenye kazi yangu: wǒ de shǒujī bèi tōu le, simu yangu imeibiwa.

Hapa kuna tahadhari moja inayohusu tafsiri nzima ya Ma Jian. Lugha yake ni ya kitabuni, ya heshima. Shēngchǎn ya aya hii, kwenye mazungumzo ya kawaida, ni neno la viwandani, kuzalisha bidhaa. Usimuulize mama wa Kichina amefanya shēngchǎn mara ngapi. Kuzaa kwa kila siku ni shēng háizi, na kumuuliza mtu kama ana watoto unasema nín yǒu háizi ma. Kwa hiyo kila neno la sura liandikie pembeni lile la mtaani, na yote mawili yaingie kwenye kadi.

Baada ya Ikhlas nenda An-Nas, Al-Falaq, Al-Asr, Al-Kawthar. Fatiha iache kwanza. Inashangaza kidogo, kwa kuwa ndiyo ya mwanzo msahafuni, lakini Kichina chake kimebeba maneno mengi ya kitabuni kwa mkupuo na kitakukatisha tamaa. Utaifikia ukiwa na nguvu.

Na wanafunzi wangu nawakumbusha kila mara kwamba Kichina hiki ni maana ya Qur'ani, hakisomwi ndani ya sala, na asitokee wa kumfundisha mgeni hivyo kwa kumhurumia.

Msamiati wa Waislamu wenyewe wa China

Waislamu wapo China kwa zaidi ya miaka elfu moja. Msikiti wa Niujie pale Beijing kwa mapokeo yao ni wa mwaka 996. Serikali ya China inahesabu makabila kumi ya Kiislamu, wakiwemo Wahui, Wauighuri na Wakazakh, na Wahui lugha yao ya nyumbani ni Kichina. Maana yake maneno ya dini yako tayari, yamekomaa. Usiyatunge mwenyewe na wala usiyaombe kwa mashine ya kutafsiri.

Msikiti ni qīngzhēnsì. Chakula halali wanaandika qīngzhēn, 清真. Jifunze kuitambua kwa macho, utaiona kwenye pakiti za vyakula. Qur'ani ni Gǔlánjīng. Nabii ni xiānzhī. Sala ni lǐbài, na kusali ni zuò lǐbài. Lǐbài hiyo hiyo katika mazungumzo ni wiki, kwa hiyo sikiliza sentensi nzima. Udhu ni xiǎojìng, janaba inaogwa dàjìng. Ramadhani ni zhāiyuè, zaka ni tiānkè, hija ni cháojìn. Imamu wao wanamwita āhōng, neno lililotoka Kiajemi. Ijumaa wanaiita zhǔmá, na hapo utasikia Kiarabu kimevaa Kichina. Shahada kwao ni wànwù fēi Zhǔ, wéiyǒu Zhēnzhǔ, Mùhǎnmòdé shì Zhǔ de shǐzhě.

Wahui wana jambo jingine ambalo wazee wa chuoni hapa walifurahi nilipowasimulia: kwa karne nyingi waliandika Kichina kwa herufi za Kiarabu, kama babu zetu walivyoandika Kiswahili. Maandishi hayo yanaitwa xiǎo'érjīng. Hayatakusaidia kusoma Kichina cha leo, lakini mwanafunzi anayeona raha kunukuu matamshi kwa herufi za Kiarabu pembeni ya daftari simkatazi, mradi toni aziweke.

Kwa kusoma zaidi, HadeethEnc ina hadithi kwa Kichina na kwa Kiswahili, zimepangwa vizuri na maelezo mafupi. Anza na hadithi ya nia. IslamHouse ina vitabu vidogo kwa lugha zote mbili. Soma cha Kiswahili kwanza, ndiyo ufungue cha Kichina.

Utakutana pia na Wachina Wakristo. Wakatoliki wao wanasema Tiānzhǔ, Waprotestanti wanasema Shàngdì au Shén. Ukisikia maneno hayo utajua unazungumza na nani, na utaanza mazungumzo kwa heshima inayostahili. Na jirani Mkristo wa makanisa ya Minara Miwili au Mkunazini kule Unguja anayetaka kuwahudumia Wachina kwa dini yake anaweza kutumia njia hii hii kwa Biblia yake. Ile ya Kichina inayotumika sana kwa Waprotestanti, Heheben, ilitoka 1919, na kwenye programu za Biblia unaiweka sambamba na ya Kiswahili.

Maneno ya kila siku, usiyaruke

Kijana anayejua kusema "Mola wa pekee" lakini hajui kumuuliza mtu kama amelala vizuri hataweza kuwahudumia watu. Tumia orodha za maneno za HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, kama mpango wako hata kama huna haja ya kufanya mtihani. Zipo orodha za aina mbili mtandaoni, zisikuchanganye: za zamani zina ngazi sita, na ya kwanza ina maneno 150, ya pili inafika 300, mpango mpya wa 2021 una ngazi tisa na ngazi ya kwanza peke yake ina maneno 500. Chukua 300 za zamani, zitakutosha kuanzia. HelloChinese na Duolingo zinafaa kwa mazoezi mafupi ukiwa unangoja boti, ila zinataka Kiingereza kidogo.

Kwenye Anki punguza kadi mpya. Programu inaanza na 20 kwa siku, na hapo ndipo wengi wanapozidiwa kadi zikirundikana. Weka tano. Mbele weka herufi za Kichina, nyuma weka pinyin, Kiswahili na sauti. Tafsiri iwe ya Kiswahili uliyoiandika kwa mkono wako, si Kiingereza ulichonakili. Kuandika herufi kwa kalamu si lazima. Kuzitambua na kuzichapa kwa pinyin kunatosha kwa kazi hii. Ukiandika zhenzhu, kibodi itakuletea 真主 na nyingine zenye matamshi ya karibu, zhēnzhū ya lulu ikiwamo, na kuchagua iliyo sahihi ni zoezi lenyewe.

Mashine ya kutafsiri itumie kuuliza njia au bei. Kwenye dini iweke mbali. Iandikie "swala" uone: kwa Kiswahili ni ibada na ni mnyama, na mashine haijui uko msikitini au mbugani. Akili mnemba nazo ni nzuri kwa mazungumzo ya mazoezi, unaiambia ijifanye mteja wa Kichina dukani mkazungumza, inakusahihisha. Lakini aya na hadithi usizichukue humo hata siku moja. Nakili kutoka Tanzil, QuranEnc au HadeethEnc, neno kwa neno.

Somo la kwanza la aliyesilimu

Hapa usihubiri. Mpeleke penye maji. Sentensi chache zitakutosha: gēn wǒ zuò, fanya kama mimi, xǐ dào zhèlǐ, osha mpaka hapa, huku unamwonesha kiwiko na kifundo cha mguu, sān cì, mara tatu, mànman lái, taratibu tu, zài lái yí cì, tuanze tena. Mtajie kila kiungo unapokiosha: shǒu mikono, zuǐ mdomo, bízi pua, liǎn uso, tóu kichwa, ěrduo masikio, jiǎo miguu. Ni maneno ya mtoto mdogo, na kwa siku ile yana faida kuliko kitabu kizima.

Fatiha mfundishe kwa sauti, kipande kwa kipande: gēn wǒ shuō, sema baada yangu. Kichina hakina silabi inayofungwa kwa konsonanti kama za Kiarabu, isipokuwa n na ng, na er mwishoni, kwa hiyo atapachika irabu katikati ya "bismillahi" kama sisi tunavyopachika mwishoni mwa maneno yao. Usimcheke na usiruhusu watoto wamcheke. Mrikodie Fatiha polepole, kila aya ikiwa na nafasi ya yeye kurudia, mwekee kwenye simu yake. Sala tano anaweza kuzijua kwa majina ya kwao: chénlǐ, shǎnglǐ, būlǐ, hūnlǐ, xiāolǐ. Ziandike na saa zake za Pemba kwenye karatasi, na uandike pia rakaa, mbili, nne, nne, tatu, nne.

Adabu, na usalama wa mgeni wako

Mchina unamwita kwa ukoo na cheo: Wáng yīshēng, Daktari Wang. Mkubwa unamwambia nín badala ya nǐ. Kijana wa Pemba aliyelelewa na shikamoo hahitaji kufundishwa zaidi ya hapo.

Daktari akiwa kazini ana wagonjwa. Usimwanzishie mada ya dini akiwa na kipimo sikioni. Mpe Kiswahili, akupe Kichina. Wengi wao wanatamani kujua kumuuliza mgonjwa "unaumwa wapi", na ukimfundisha hilo umewasaidia na watu wako. Kama hakuna Mchina karibu, programu ya HelloTalk inakukutanisha na wanaotaka kubadilishana lugha. Sema kweli tangu mwanzo kwamba unajifunza ili uwahudumie Waislamu wa Kichina, na asiyetaka mada hiyo mwachie, zungumzeni samaki na mpira. Mtu akikuuliza mwenyewe kuhusu dini, hapo jibu.

Jambo la mwisho ni zito na vijana wengi hawalijui. China ina kanuni kuhusu habari za dini mtandaoni, zilizoanza kutumika tarehe 1 Machi 2022. Anayesambaza mafundisho ya dini kwenye mtandao wa huko lazima awe na kibali, na mgeni wa nje haruhusiwi. WeChat, ambayo ndiyo simu na benki na baraza la Wachina, iko chini ya kanuni hizo. Kwa hiyo mtu akisharudi kwao, usimrushie aya, mawaidha wala video za daawa kwenye WeChat. Wewe uko Mkoani salama, yeye ndiye atakayeulizwa. Usimwingize kwenye makundi, usiweke picha yake ya kusilimu popote bila idhini yake, na idhini hiyo iombe faragha, si mbele ya msikiti mzima ambapo hawezi kusema hapana. Salamu na habari za familia tuma kama kawaida.

WhatsApp, YouTube na Google zimefungwa huko, kwa hiyo kiungo cha video unachomwahidi leo hatakifungua akifika nyumbani. Muulize mwenyewe, ana kwa ana, angependa kuondoka na nini. Akitaka sauti za Fatiha na sura fupi, mhamishie kwa Bluetooth kabla hajapanda boti.